Mikimbio 14 kwa mipira 118: namtetea mpigaji anayekataa kutoka

mwandika_alama, Nakuru

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ndiye ninayeandika kitabu cha alama kwenye mechi zetu za kriketi hapa Nakuru. Kazi hii naifanya kwa penseli kila wikendi tangu goti liliponikataza kucheza. Kuna jambo limenikaa rohoni wiki mbili sasa, na sitalala vizuri nisipolisema.

Mwezi uliopita vijana wetu walicheza mechi ya kirafiki ya siku mbili. Nambari tatu wetu, yaani wa tatu kuingia kupiga, ni fundi wa mabati, mtu wa miaka arobaini na ushee. Aliingia tukiwa na mikimbio 6 (ndizo alama zetu) kwa wiketi moja, yaani mpigaji mmoja ameshatolewa, mpira ukiwa bado mwekundu unang'aa, na kijana wao mmoja mrefu akirusha kwa kasi kutoka upande wa Menengai. Fundi alikaa pale saa mbili na dakika kumi. Alipokea mipira 118, akapata mikimbio 14.

Kwa wasiojua kitabu cha alama: mpira usiozaa mkimbio huandikwa nukta. Ova, yaani mipira sita ya mrushaji mmoja, ikiwa na nukta sita tupu, unaziunganisha zinakuwa herufi M. Ukurasa wa siku ile ni kama mtu kaanika ulezi, kisha hapa M, pale M, chini yake M nyingine. Penseli niliichonga mara mbili kabla ya chakula cha mchana.

Alipotoka nilimwomba mwamuzi anionyeshe ule mpira. Upande mmoja ulikuwa umekwaruzika kama kiatu cha mtoto wa shule, mshono umelala, rangi imekwisha. Yule kijana mrefu alikuwa mpakani ameinama, mikono juu ya magoti. Hapo ndipo nambari tano na nambari sita wetu walipoingia, wakapiga 90 na zaidi kwa saa moja. Watu walisimama kushangilia. Jioni nyama ilinunuliwa kwa ajili yao. Fundi alikula vipande vyake viwili, akafunga pedi zake kwenye gunia, akaenda kupanda matatu ya Kaptembwo.

Jumapili iliyofuata hakupangwa. Aliyepanga timu alisema hatuwezi kubeba mtu wa 14 kwa mipira 118.

Nimekasirika, ndugu zangu. Ninachoamini ni hiki: ile 90 ya wale vijana wawili, fundi ndiye aliyeilipia. Aliwala warushaji miguu na pumzi, akaula na mpira wenyewe. Kitabu changu hakina safu ya kuandika hayo, na ndiyo maana naandika hapa.

Mfano mkubwa mnaujua. Tarehe 19 Januari 2021, Brisbane, uwanja wa Gabba, Australia dhidi ya India, siku ya tano ya Testi, ile mechi ndefu ya nchi kwa nchi. Australia haikuwa imefungwa pale tangu 1988. India walihitaji 328. Hapa kwetu ilikuwa usiku wa manane mchezo ulipoanza. Mimi nilikuwa kitandani, simu chini ya blanketi nisimwamshe mama watoto. Cheteshwar Pujara wa India alipokea mipira 211, akapata 56. Mipira ilimpiga mwilini mara zisizopungua kumi: mbavuni, begani, kwenye helmeti. Mmoja wa Hazlewood, mrushaji wa Australia, ulimpata kidoleni akaachia gongo, akalala chini kwa maumivu. Akainuka. Akarudi kusimama palepale.

Rishabh Pant ndiye aliyemaliza kazi kwa 89 bila kutoka, na picha yake ndiyo iliyozunguka dunia. Lakini jiulize Pant alikuta nini. Cummins, Hazlewood, Starc na Lyon walikuwa wamerusha katika mechi zote nne za ule mfululizo bila kupumzishwa. Na kwa sehemu kubwa ya siku ile walikuwa wakimrushia mtu asiyetoka. Pujara alipotoka India walikuwa 228 kwa wiketi nne. Zimebaki mia moja tu, na warushaji wameisha. Saa nne na ushee asubuhi mchezo ulikwisha, nami nilichelewa kazini. Sikujuta.

Nataka kusikia wenzangu. Hasa mnaofikiri nimekosea.

kasi_tupu, Kisumu

Mkuu, nakuheshimu kwa kazi ya kitabu, lakini umechagua mfano unaokufaa. Mimi nitakupa unaokuudhi.

Delhi, Desemba 2015. Afrika Kusini wanajaribu kuokoa mechi dhidi ya India. Hashim Amla anapata 25 kwa mipira 244. AB de Villiers, mtu ambaye angeweza kupiga mpira wowote popote, anapata 43 kwa mipira 297. Timu nzima inatolewa kwa 143 katika ova 143 na mpira mmoja. Mkimbio mmoja kwa ova! Wakafungwa kwa mikimbio 337. Ule ukaidi wote ulizaa nini?

Na huyo huyo Pujara, wiki moja tu kabla ya Gabba, kule Sydney katika zamu ya kwanza alipata 50 kwa mipira 176. Alama hazikusogea. Wenzake waliokuwa upande wa pili ikabidi wajaribu mapigo ya hatari ili alama zisonge, India ikatolewa kwa 244 wakati Australia walikuwa na 338. Anayejifungia ndani hulinda wiketi yake mwenyewe, sikatai, lakini mzigo humwangukia mwenzake. Hilo nalo halina safu kitabuni.

Tangu 2022 Uingereza chini ya nahodha Stokes na kocha McCullum wameonyesha kwamba Testi inaweza kuchezwa kwa kushambulia. Fundi wako ni mtu mwema, sina shaka. Lakini aliyepanga timu naye ana hoja.

mrushaji_mstaafu, Kisumu

Hamjambo. Nimerusha mpira miaka kumi na tisa, spini, ule mpira wa kuzungushwa, na ujanja kidogo, kwa hiyo naomba niseme nikiwa upande wa pili.

Joto letu la Kisumu mnalijua. Saa nane mchana upepo wa ziwa haujaanza, shati limekugandia mgongoni, mpira unateleza kwa jasho. Katika hali hiyo nilikuwa nataka mpigaji wa aina moja tu: anayenitaka. Anayetoka mbele kunipiga. Huyo hata akinitupa mara mbili nje ya mpaka nalala usingizi, kwa sababu najua ya tatu atakosea na mdakaji wangu yuko pale.

Lakini kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka upande wa Vihiga. Nilimrushia ova kumi na sita siku moja. Mpira uliokuwa nje ya vijiti, vile vitatu anavyovilinda mpigaji, aliutazama ukipita kama mtu anayetazama gari lisilo lake. Uliokuja kwenye vijiti aliuzima chini ya jicho lake, ukafa hapo miguuni, ungedhani umeangukia godoro. Hakuniambia neno. Hakunitazama.

Kufikia ova ya kumi nilikuwa naanza kumtafutia mpira wa miujiza. Hapo ndipo mrushaji anapokwisha. Unaacha kurusha palepale ulipokuwa unarusha, unajaribu wa haraka, unajaribu wa kuning'inia, unajaribu usioujua vizuri. Mwenzake upande wa pili, kijana ambaye asingenigusa asubuhi, akaanza kunipiga kwa sababu mimi nilikuwa nimeshavurugwa na mwalimu. Kitabu cha alama kilisema kijana ndiye aliyenipiga. Mimi najua nani alinipiga.

Kwa hiyo kasi_tupu, ndugu yangu, hoja yako ya mwenzake kuangukiwa na mzigo naielewa, ila ukirusha mpira mwenyewe utaiona kwa sura nyingine.

dada_wa_section58, Nakuru

Naomba kuuliza, msinicheke. Nimeanza kutazama kriketi kupitia kwa kaka yangu, na yeye hutazama ile fupi tu, inayokwisha kwa muda wa saa tatu. Ikiwa timu inashinda kwa kupata mikimbio mingi, mtu asiyepata mikimbio anasaidiaje? Kwenye mpira wa miguu mtu akikaa na mpira bila kupeleka mbele tunamzomea.

mwandika_alama, Nakuru

Dada, hakuna wa kukucheka. Swali lako ndilo kiini cha uzi wote.

Katika ile kriketi ya saa tatu una ova 20 na wiketi 10. Wiketi ni nyingi kuliko muda, kwa hiyo mtu anayezitunza kupita kiasi anapoteza. Kwenye Testi ni kinyume. Mna siku tano, kama ova 90 kila siku, na kila timu inapiga zamu mbili. Muda ni mwingi, wiketi ni zile zile kumi. Ni kama gunia moja la mahindi la kula toka mavuno hadi mavuno: anayepika debe zima siku ya kwanza si shujaa.

Halafu kuna mpira wenyewe. Ukiwa mpya ni mgumu, una mng'ao, mshono umesimama. Unayumba hewani, unaruka vibaya ukigonga ardhi. Mrushaji wa kasi akiutupa kwa kilomita 140 kwa saa, na umbali toka vijiti hadi vijiti ni kama mita 20, mpigaji ana nusu sekunde hivi ya kuamua. Kadiri ova zinavyosonga mpira unalainika na kutulia. Ova 80 zikipita, warushaji wanaruhusiwa kuchukua mpira mpya. Kwa hiyo kuna dirisha katikati ambapo kupiga ni rahisi, na mtu lazima alifikie dirisha hilo akiwa na wiketi mkononi. Fundi wangu ni wa kuwafikisha wenzake dirishani.

Na jambo la mwisho: Testi inaweza kwisha sare hata timu moja ikiwa mbele kwa mikimbio mia nne, mradi nyingine haijatolewa yote. Hakuna hilo katika ile ya saa tatu.

Sasa kasi_tupu. Delhi nakubali, nimeumia kuisoma lakini ni kweli. Mtu akizuia na wenzake wote wakazuia, bila yeyote wa kuvuna, ni shamba limepaliliwa halikupandwa. Ila usiangalie mechi moja kana kwamba imesimama peke yake. Chukua Adelaide 2012. Afrika Kusini walihitaji 430 dhidi ya Australia, jambo lisilowezekana. Faf du Plessis, mechi yake ya kwanza kabisa ya Testi, alikaa mipira 376 akapata 110 bila kutoka. De Villiers alikuwa naye kwa muda mrefu, 33 kwa mipira 220. Sare. Peter Siddle alirusha zaidi ya ova 60 katika mechi ile. Mwishoni alikuwa ameinama kama yule kijana wetu wa upande wa Menengai.

Mechi iliyofuata, Perth, siku chache tu baadaye, Australia ililazimika kuingia na warushaji wa kasi watatu ambao hawakucheza Adelaide. Afrika Kusini ikashinda kwa 309 na kuuchukua mfululizo. Mikimbio ya Perth ilizaliwa Adelaide, kwa mtu aliyekataa kutoka.

mwalimu_hesabu, Kakamega

Nimefurahi kuona hoja inajadiliwa kwa takwimu na si kwa kelele. Niongeze chache.

Rahul Dravid wa India alipokea mipira 31,258 katika maisha yake ya Testi. Hakuna mpigaji mwingine katika historia aliyefikia idadi hiyo. Alimaliza na mikimbio 13,288, wastani wa 52.31. Waliomwita Ukuta hawakumtukana. Na angalieni Kolkata 2001: India walilazimishwa kurudi kupiga tena papo hapo, wakiwa nyuma kwa 274. VVS Laxman akapata 281, na hiyo ndiyo watu wanaisimulia. Dravid alikuwa upande wa pili na 180, wakaweka 376 pamoja. India ikashinda kwa 171.

Pujara naye, 2018 hadi 2019 kule Australia: mipira 1,258, mikimbio 521, na mara tatu alivuka mikimbio mia katika zamu moja. India ilikuwa imekwenda kule tangu 1947 bila kushinda mfululizo hata mmoja. Safari ile wakashinda 2 kwa 1.

Lakini anayenigusa zaidi ni Hanif Mohammad wa Pakistan, Bridgetown, Januari 1958. West Indies wamepata 579, Pakistan 106. Wanarudi kupiga wakiwa nyuma kwa 473, na siku bado ni nyingi. Hanif alikaa dakika 970. Zigawanyeni kwa sitini: saa kumi na sita na dakika kumi. Huku Kakamega mtu akianza kupiga saa moja asubuhi bila kupumzika kula wala kulala, angetoka saa tano na dakika kumi usiku. Alipata 337. Mechi ikaisha sare. Hakuna zamu ndefu zaidi ya hiyo kwa muda katika Testi hadi leo.

Katika uchumi wanaita hii gharama ya fursa. Mrushaji ana idadi fulani tu ya mipira mizuri mwilini mwake kwa siku. Kila mmoja unaompata Hanif ni mmoja usiompata mwingine.

kasi_tupu, Kisumu

Mwandika_alama, hiyo ya Perth na Adelaide sikuwa nimeiunganisha. Nimekwenda kuitazama tena orodha ya warushaji, kweli walibadilishwa wote watatu wa kasi. Hapo mmenishinda.

Lakini hoja yangu moja bado imesimama: lazima kuwe na mtu wa kuvuna. Headingley 2019 mnaikumbuka? Jack Leach, mpigaji wa mwisho, mikimbio 1 kwa mipira 17. Mmoja tu! Lakini Ben Stokes alikuwa upande wa pili na akamaliza na 135. Waliweka 76 pamoja, Uingereza ikashinda kwa wiketi moja. Bila Stokes, mkimbio mmoja wa Leach ni mkimbio mmoja.

mrushaji_mstaafu, Kisumu

Na bila Leach, Stokes anatembea kurudi kwenye chumba cha kubadilishia nguo akiwa na sitini na kitu. Umesema mwenyewe.

mwandika_alama, Nakuru

Kasi_tupu, tumekaribiana. Nami nakubali timu ya wazuiaji kumi na mmoja haiendi popote. Natetea nafasi moja, labda mbili, kati ya kumi na moja.

Kuna kitu nataka kusema kuhusu sisi Kenya, kwa kuwa nimesoma hapa watu wakitaja nchi za wengine tu. Sisi hatujawahi kucheza Testi. Tulikuwa na watu: 1996 kule Pune tuliwatoa West Indies kwa 93, na 2003 tukafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Bangladesh walipewa hadhi ya Testi mwaka 2000, sisi tukabaki nje. Kufikia 2014 tulikuwa tumepoteza hata hadhi ya mechi za siku moja. Sababu ni nyingi na nyingine hazihusu gongo wala mpira. Lakini mimi nakaa pembeni ya uwanja kila wikendi na naona: kijana wetu wa miaka kumi na sita anajua kupiga mpira juu ya kichwa cha mrushaji kabla hajajua kuuacha upite. Hakuna anayemfundisha kuuacha, kwa sababu mechi zetu karibu zote ni fupi na anayeuacha hupangwa nje Jumapili inayofuata. Tunamwondoa mwalimu halafu tunashangaa hakuna wanafunzi.

Jumatano jioni nilimkuta fundi uwanjani. Hakuwa na hasira, mimi ndiye niliyekuwa nayo. Alikuwa na vijana watatu na mpira mmoja mzee. Alimwambia mmoja ashike gongo kwa mkono wa juu tu, ule wa chini uwe vidole viwili vya kusindikiza. Kisha akamrushia kutoka karibu, kama hatua nane. Mpira ukigonga gongo ukaruka mbele, anasema, "Umekaza." Ukianguka chini ukalala, hasemi kitu, anaokota na kurusha tena. Kijana alikaza mara nyingi. Baadaye kukawa na kimya kirefu, na nilipotazama giza lilikuwa limeingia na wale wawili wengine walikuwa wameketi wakihesabu kwa sauti ya chini.

dada_wa_section58, Nakuru

Sasa nimeelewa. Jumamosi mnacheza wapi? Nataka kumwona huyo fundi.

mwandika_alama, Nakuru

Taarifa ya Jumamosi, kwa waliouliza.

Mpigaji wetu mmoja wa juu alikuwa na homa, tukabaki kumi. Aliyepanga timu alinijia saa tatu asubuhi, akaniuliza namba ya simu ya fundi. Nilimpa. Fundi alifika na gunia lake saa tano kasoro, mikono bado ina rangi ya bati. Hii nayo ni ya siku mbili.

Aliingia tukiwa 11 kwa wiketi mbili. Mpira wa kwanza ulikuwa nje ya vijiti, mrefu kidogo, ule unaomshawishi kila kijana. Akauacha. Wa pili akauacha. Wa tatu ulikuja ndani, akauzima. Dada alikuwa ameketi karibu yangu na kaka yake, na kila nikiweka nukta ananichungulia kitabuni. Kufikia saa nane alikuwa anaziunganisha M kwa kidole kabla yangu.

Mvua imetukatiza saa tisa na nusu, imeshuka kutoka Menengai kwa ghafla hadi tukakimbiza kitabu chini ya turubai. Tuna 74 kwa wiketi tatu. Fundi ana 9, mipira 83, hajatoka. Kesho tunaanza saa nne.